Ufunguo pekee haulindi vipimo vya mfereji

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tuzungumze na viongozi wa jumuiya za watumia maji, wahandisi wa umwagiliaji wa halmashauri, na yeyote anayeandaa zabuni ya vihisi vya maji kwenye mteremko wa Kilimanjaro na tambarare zake. Jambo letu ni moja. Vihisi vinavyopokezana ujumbe kwa redio visinunuliwe kwa sababu tu muuzaji amesema data yake imesimbwa, yaani imefichwa kwa ufunguo wa siri, kwa njia iitwayo AES. Kusimba humzuia mpita njia asisome. Hakuizuii nodi, yaani boksi lenye kihisi na redio, iliyomo ndani ya mtandao na yenye ufunguo halali mfukoni, kuumeza ujumbe wa jirani, kuuchelewesha, au kujitangaza kuwa ndiyo njia fupi ya kwenda kituoni, vipimo vyote vinakokusanywa.

Tuanze na uzito wa kosa dogo. Kwenye mfereji wenye kizuizi cha kupimia chenye pembe ya V ya digrii 90, unachukua kina cha maji juu ya ncha ya V kwa mita, unakipandisha kwa kipeo cha 2.5, kisha unazidisha kwa 1.38. Jibu ni mita za ujazo kwa sekunde. Kina cha sentimita 10 ni lita 4.4 kwa sekunde. Kina cha sentimita 12 ni lita 6.9. Sentimita mbili tu, upana wa kidole gumba, zimeongeza maji kwa zaidi ya nusu. Sasa fikiria skimu ya Lower Moshi, iliyokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani na inayotegemea mito ya Rau na Njoro, huku wakulima wa juu nao wakichepusha maji hayohayo kwa ajili ya mpunga wao. Fikiria pia mifereji ya asili ya Wachagga inayoshuka kutoka vihamba vya juu hadi mashamba ya tambarare. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, maji huchukuliwa kwa kibali. Namba ya kihisi ikishaanza kutumika kugawa zamu au kuthibitisha kwamba kibali kimefuatwa, tayari yupo mtu atakayenufaika ikipotea usiku.

Kwa nini nodi zipokezane badala ya kila moja kutuma yenyewe? Redio ya nguvu ndogo ya 2.4 GHz, inayofuata kiwango cha IEEE 802.15.4, hufika mamia ya mita pakiwa wazi. Ukiiweka korongoni, au katikati ya migomba iliyoloa, umbali huo hupungua sana kwa sababu maji yaliyomo kwenye majani hunyonya mawimbi hayo. Kwa hiyo nodi ya banio la juu humkabidhi jirani, jirani humkabidhi mwingine, mpaka ujumbe ufike kwenye kituo chenye laini ya simu na sola. Kuna wauzaji watakaosema LoRa, redio ya masafa marefu, imemaliza suala hili kwa kuwa kila kifaa huzungumza na kituo moja kwa moja. Pale ambapo kituo kimewekwa juu ya kilima na kinaviona vifaa vyote, ni kweli, na tunashauri itumike. Korongo likikata njia na kirudishi kikaongezwa katikati, mbeba ujumbe amerudi, na maswali yetu yanarudi naye.

Njia zenyewe hupangwa hivi. Itifaki, yaani kanuni za kupanga njia, inayotumika sana katika mitandao ya aina hii ni RPL, iliyotangazwa mwaka 2012. Kila nodi hutangaza daraja lake, yaani namba inayoonyesha iko mbali kiasi gani na kituo. Kituo ndicho chenye namba ndogo kuliko zote. Nodi mpya husikiliza matangazo ya majirani na kumchagua awe mzazi wake yule mwenye daraja dogo na mawasiliano mazuri. Tatizo ni kwamba daraja hilo ni kauli ya nodi yenyewe, na hakuna anayeikagua. Nodi ikidanganya kwamba iko hatua moja tu kutoka kituoni, majirani wote humimina ujumbe wao kwake kama maji yanavyokimbilia shimo. Mwaka 2003 Chris Karlof na David Wagner wa Berkeley, Marekani, walizichambua itifaki kuu za wakati ule wakaonyesha kwamba hazikubuniwa kwa lengo la usalama. RPL ilikuja baadaye na ina hali za usalama katika maandishi yake, lakini programu nyingi zilizopakiwa kwenye vifaa zimeziacha nje ili kuokoa kumbukumbu. Hili ni swali la kwanza la kumuuliza muuzaji, na ajibu kwa maandishi: programu iliyomo ndani ya boksi inatekeleza nini hasa?

Tukubali kwamba ufunguo ni lazima, kisha tuangalie unavyoharibiwa. Makosa ya kawaida ni matatu, na la pili ndilo linaloua mitandao mingi kimyakimya.

La kwanza ni ufunguo mmoja kwa mtandao mzima. Boksi la mferejini halina mlinzi. Mtu akiling'oa moja, akaunganisha waya kwenye pini za kupakilia programu na kusoma kumbukumbu, ameupata ufunguo wa vifaa vyote. Tiba ni kila nodi kuwa na ufunguo wake wa pekee na kituo, na ufunguo mwingine kwa kila jirani inayezungumza naye. Kinga ya kusoma kumbukumbu ya chipu nayo iwashwe kabla kifaa hakijatoka mezani. Funguo ziingizwe kwa waya, ofisini, wala zisipitishwe hewani. Halafu angalia stika ya kiwandani: baadhi ya vifaa huja na ufunguo umechapishwa kwenye alama ya mraba ya QR nje ya boksi. Ibanduliwe, na ufunguo huo ubadilishwe.

La pili ni kihesabu cha ujumbe. Kila ujumbe hubeba namba inayopanda, na mpokeaji hukataa namba aliyokwisha kuiona. Hivyo ndivyo mtandao unavyozuia mtu kunasa ujumbe wa jana, wakati mfereji ulikuwa umejaa, na kuurusha leo ukiwa mkavu. Kihesabu cha baiti 4 kina nafasi ya zaidi ya bilioni 4, kwa hiyo hakiishi. Shida huanza fundi anapobadilisha betri. Kama namba ilikaa kwenye kumbukumbu inayofutika, inarudi sifuri, na majirani wanaikataa nodi hiyo kama mwongo. Fundi aliyechoka, jua likimchoma, anapata suluhisho la haraka: anazima ukaguzi wa kihesabu kwenye mtandao wote. Kuanzia siku hiyo ujumbe wa zamani unapokelewa, na baya zaidi, kihesabu kilekile kikitumika tena na ufunguo uleule, usimbaji unavuja: anayenasa jumbe mbili za namna hiyo huzilinganisha na kupata mengi bila kuujua ufunguo. Wengine hukimbilia kuandika namba kwenye kumbukumbu ya kudumu kila ujumbe unapotoka. Kumbukumbu hizo mara nyingi huhakikishiwa kufutwa na kuandikwa mara 10,000. Kipimo kila dakika 5 ni jumbe 288 kwa siku, na ukiandika sehemu ileile unaimaliza dhamana hiyo kwa siku 35. Njia sahihi ni kuandika mara moja kila jumbe 1,000. Nodi ikiwaka upya, iruke mbele kwa 1,000 kutoka namba iliyoandikwa mwisho. Baadhi ya namba zitapotea bure, na hazina hasara.

La tatu ni muhuri uliopunguzwa. Fremu nzima ya 802.15.4, yaani kifurushi kimoja cha redio, ina baiti 127 tu, na mjenzi anayebana nafasi huona afadhali asimbe bila kuweka muhuri wa uhalisi, yaani alama inayothibitisha aliyetuma na kwamba ujumbe haukuguswa, au auweke mfupi. Muhuri wa baiti 8, pamoja na kihesabu na namba ya ufunguo, unakula baiti 14, yaani asilimia 11 ya fremu. Hiyo ni bei nafuu. Kwa maji ya mfereji, siri si jambo kubwa sana, kwa sababu kila mtu anaweza kwenda kuutazama ubao wa kupimia. Kinachotakiwa ni uhakika kwamba namba haikuguswa. Ikibidi kuchagua, chagua muhuri. Na iwekwe mihuri miwili: mmoja wa jirani kwa jirani, ili takataka za kughushi zitupwe mapema kabla hazijamaliza betri za njia nzima, na mwingine wa kutoka kwenye kihisi hadi kituoni, ambao wabebaji wa katikati hawawezi kuufungua wala kuubadilisha.

Yote hayo yakishafanyika, bado nodi iliyotekwa, au iliyoharibika tu, inaweza kumeza ujumbe. Hapa ndipo panapohitajika hesabu ya uaminifu, na hapa ndipo zabuni nyingi hukaa kimya. Njia ya zamani ni ya mlinzi: ukimkabidhi jirani ujumbe, unabaki ukisikiliza kama naye ameupeleka mbele. Kwenye karatasi inapendeza. Mferejini inagharimu. Chipu ya redio ya CC2420, iliyotumika kwenye nodi maarufu za TelosB, hula miliampia 18.8 ikisikiliza na 17.4 ikituma kwa nguvu yake kamili, maana yake kusikiliza ni ghali kuliko kusema. Betri mbili za AA zenye ujazo wa miliampia-saa 2,500 zitaisha kwa siku 5 na nusu redio ikisikiliza muda wote. Ikisikiliza asilimia 1 ya muda, redio hiyo itaenda mwaka mmoja na nusu. Kwa hiyo mlinzi asikilize ujumbe mmoja kati ya kumi, aliouteua kwa bahati nasibu, ili anayelindwa asijue ni upi. Kuna mtego mwingine pia: kama kila jirani ana ufunguo wake, ujumbe unaporushwa mbele umebadilika sura na mlinzi hautambui. Namba ya mfululizo ya ujumbe wa kihisi iachwe wazi, bila kusimbwa, lakini iwe ndani ya muhuri.

Tunaloliamini zaidi ni stakabadhi kutoka kituoni. Kila saa, baada ya vipimo 12, kituo hurudisha ujumbe mfupi wenye muhuri unaoeleza vipi vilifika na vipi havikufika. Kihisi huweka nakala za vipimo vyake, na nafasi ipo: kipimo cha baiti 16 mara 288 kwa siku ni baiti 4,608, hivyo kumbukumbu ya megabaiti 1 inabeba zaidi ya miezi saba. Vilivyopotea hurushwa upya kupitia mzazi wa pili. Mzazi wa kwanza hukatwa alama. Ndiyo maana kila nodi iwe na wazazi wawili wasiotegemea njia moja, na hili liamuliwe siku ya kuchimbia nguzo, kwa sababu halirekebishiki baadaye kwa programu.

Alama zenyewe hazihitaji kompyuta kubwa. Chukua idadi ya jumbe zilizofika kupitia mzazi huyo, ongeza 1. Gawanya kwa jumla ya zilizofika na zilizopotea, ukiongeza 2. Mgeni asiye na historia anaanza na 0.5. Aliyefikisha 18 na kupoteza 2 ana 0.86. Aliyefikisha 8 na kupoteza 12 ana 0.41, na huyo aachwe. Kila saa hesabu za zamani zizidishwe kwa 0.98, ili baada ya saa 34 hivi uzito wa tukio ubaki nusu. Bila kusahau huko, nodi itajikusanyia sifa miezi mitatu kisha iibe wiki nzima bila kushukiwa.

Mvua ndiyo inayowachanganya wengi. Masika, kati ya Machi na Mei, majani yameloa, boksi limeingia unyevu, sola haijazi, na alama za kila mtu zinashuka. Mtandao unaotumia kikomo kimoja mwaka mzima utawafukuza waaminifu wote Aprili na kubaki bubu wakati maji ni mengi. Linganisha nodi na majirani zake. Wote wakishuka pamoja, na nguvu ya mawimbi nayo ikishuka, ni hali ya hewa. Mmoja akishuka peke yake huku mawimbi yake yakisikika vizuri kama jana, panda ukamwangalie. Mwizi mwangalifu naye hamezi kila kitu. Anameza vipimo vya banio moja tu, usiku tu. Wastani wa mtandao utaonyesha upotevu wa asilimia 3 au 4, na msimamizi atalala. Ripoti ya kituo ni lazima ihesabu upotevu kwa kila kihisi na kwa kila saa ya siku, kila kimoja peke yake. Muuzaji anayeonyesha wastani mmoja mkubwa kwenye skrini amekuonyesha kitu kisichokusaidia.

Umbea wa nodi kuhusu nodi nyingine usikubaliwe. Kuna itifaki zinazoruhusu majirani kupeana sifa za mtu wa tatu, na mwongo mmoja huko huweza kumchafua mwaminifu mpaka atengwe. Kila nodi ihukumu kwa masikio yake. Kufungia nodi kabisa kubaki kazi ya kituo, kwa ujumbe wenye muhuri.

Kuna mashambulio mengine ambayo vihisi vyetu vina bahati nayo, kwa sababu haviendi popote. Watu wawili wakiunganisha pande mbili za mtandao kwa redio yenye nguvu na kuhamisha ujumbe kati yao, nodi ya Machame, juu mlimani, itadhani ni jirani wa nodi ya Kahe, chini tambarare, na funguo zote zitakubali kwa kuwa ujumbe ni halisi. Jedwali la majirani lililoandikwa siku ya usimikaji, pamoja na mahali ilipo kila nguzo, linaumaliza udanganyifu huo: jirani asiye kwenye jedwali hakubaliwi. Anayetangaza kwa sauti kubwa kutoka mbali, akasikika na wote lakini yeye asiwasikie, anazuiwa kwa sharti dogo la kutompokea mzazi mpaka ajibu ujumbe. Na amri ya kujenga upya njia zote, ambayo RPL huitambua kwa namba ya toleo kupanda, iwe na muhuri wa kituo, la sivyo mtu mmoja ataurudia mchezo huo kila dakika mpaka betri ziishe.

Kelele za makusudi kwenye masafa hazina dawa ya hesabu. Kiwango hiki kina chaneli 16 katika 2.4 GHz, kuanzia 11 hadi 26. Nodi zirukeruke kati yake, na panapokuwa na Wi-Fi nyingi, kama karibu na mji, anza na 15, 20, 25 na 26, ambazo ziko kwenye mapengo ya chaneli 1, 6 na 11 za Wi-Fi.

Ujumbe unaweza kufika salama kabisa ukiwa na uongo. Jiwe likiwekwa chini ya kizuizi, au buibui wakijenga utando mbele ya kihisi cha mwangwi, kina kitasomeka vibaya na mihuri yote itakuwa sawa. Dawa yake ni maji yenyewe. Mfereji usio na kijito kinachoingia hauwezi kuwa na maji mengi chini kuliko juu. Wimbi la maji likienda nusu mita kwa sekunde, badiliko lililoonekana kwenye banio litafika kilomita 3.6 chini yake baada ya saa mbili. Kituo kilinganishe hayo kila siku, na mara moja kwa wiki mwenyekiti wa mfereji asome ubao wa kupimia kwa macho na kuandika kwenye daftari.

Tunaomba basi malipo ya mwisho ya zabuni yoyote yasitolewe kabla ya majaribio kufanyika mferejini, mbele ya wanajumuiya. Izimwe nodi moja ya katikati, na vipimo vya walio nyuma yake virudi kituoni ndani ya dakika 15 kwa njia nyingine, pamoja na vile vilivyokosekana. Iwashwe nodi isiyosajiliwa inayojitangaza kuwa na daraja dogo, na asiifuate hata jirani mmoja. Inaswe pakiti ya asubuhi na kurushwa jioni, ikataliwe na kuandikwa kwenye kumbukumbu za kituo. Itolewe betri ya nodi na kurudishwa, na kihesabu chake kiendelee mbele. Kisha lile gumu: muuzaji aipange nodi yake moja imeze ujumbe mmoja kati ya mitatu wa kihisi kimoja tu, bila kutuambia ni ipi, na kituo kiitaje ndani ya saa 24. Mtandao unaoshindwa jaribio hilo hauko tayari kugawa maji ya watu.

Mkataba pia useme kwamba funguo ni mali ya jumuiya. Orodha yake ikabidhiwe kwa watu wawili, nakala moja ihifadhiwe mbali na kituo, na nodi ikiibwa ifutwe kwenye orodha ndani ya siku hiyohiyo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mafundi wa redio na vihisi,
Moshi, Kilimanjaro